Mayai Yaliyoanza Kupoa

Kila alasiri akitoka shule, Kidoti alikuwa akivua viatu, akinawa mikono, kisha akiingia kwenye chumba cha mashine za kutotolea vifaranga. Kutotoa vifaranga ndiyo kazi ya mama yake, na mtaa mzima ulimjua kwayo. Kila mashine iliongozwa na faili lake la mipangilio katika kompyuta moja ya humo chumbani: joto liwe nyuzi ngapi, trei zigeuzwe lini.

Siku hiyo mayai yalikuwa karibu kuanguliwa.

"Punguza joto kutoka thelathini na saba mpaka thelathini na sita," Mama alimwambia. "Fungua faili moja moja, mwanangu, na utazame mashine kabla ya kwenda nyingine. Mimi naosha trei uani."

Moja moja! Kidoti aliguna. Dada yake aliyesomea kompyuta alikuwa amemfundisha kuandika programu fupi. Basi akaandika yake: kila penye 37 katika mafaili yote, weka 36. Akabonyeza. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Akajiona bingwa.

Mara taa nyekundu ikawaka kwenye mashine ya kwanza. Ikafuata ya pili, kisha zote. Mahali pa kuonyesha joto palibaki vistari vitupu, na mngurumo wa vipasha joto ukanyamaza. Kidoti akagusa kioo cha mlango. Kilikuwa kinapoa.

Akazima, akawasha, wapi! "Nitasema umeme ulikatika," akawaza. Lakini yai moja kwenye trei likatikisika, na mlio mwembamba ukasikika kutoka ndani ya ganda. Hapo miguu ikamchukua yenyewe hadi uani.

"Mama, nimeharibu! Mashine zote zimezima. Ni mimi!"

Brashi ikamponyoka Mama. Hakufoka, na hilo lilimtisha Kidoti zaidi. "Leta mablanketi yote," alisema tu. Wakazifunika mashine, kisha Mama akampigia Dada simu.

"Uliweka nakala ya mafaili ya mwanzo?" Dada akauliza.

"Sikuweka, Dada."

"Haya, usilie sasa, utalia baadaye. Fungua moja unisomee mstari kwa mstari."

Kidoti akasoma. "Joto, thelathini na sita. Waya wa kipimajoto, thelathini na sita..."

"Hapo hapo! Namba ya waya ilikuwa thelathini na saba. Umebadilisha na usichotumwa! Mashine haikioni kipimajoto, ndiyo maana imejizima isije ikayapika mayai."

Kidoti akasahihisha kwa mkono, faili baada ya faili, Mama akisoma nyuma ya bega lake. Mngurumo ukarudi. Hata hivyo, hakuna aliyejua kama mayai yalikuwa yamewahiwa.

Asubuhi chumba kilijaa kelele za vifaranga. Lakini baadhi ya mayai yalibaki kimya. Kidoti aliyaokota mwenyewe, machozi yakimlengalenga.

"Kuandika programu si kosa," Mama alisema, akimshika bega. "Kosa ni kutoweka nakala, na kuitumia kwenye mashine zote kabla ya kuijaribu kwenye moja. Siku nyingine weka nakala kwanza, kisha ujaribu kwenye moja. Lakini ungenificha jana, tungekuwa tunayaokota yote. Hawa wanaopiga kelele wako hai kwa sababu ulisema kweli mapema. Haya, waletee maji, wana kiu."