Kibano Kilichohama

Kibano kilikuwa kimehama. Kile chuma kidogo kinachobana nyuzi juu kwenye shingo ya gitaa la umeme kilikuwa kimesogea pembeni kiasi cha punje ya uwele, na uzi mwembamba ukawa unateleza nje kila ulipokandamizwa. Chrispin alikilaumu kiwanda. Nyani haoni kundule.

Itigi nzima ilimjua. Alijiita mpiga solo wa harusi, na vidole vyake vilikuwa vizito kama vya mtu anayekanda udongo. Mkewe, Flora, alikuwa na sikio la muziki, kwa hiyo mumewe alipopiga, yeye aliinama juu ya ungo, akapepeta kwa nguvu, watu wasione anavyokunja uso. Lakini Chrispin alimpenda mkewe, hilo tusimnyime. Gitaa lile alilinunua kwenye baa moja iliyofungwa kule Manyoni, kwa tamaa moja tu, kwamba siku moja Flora aache kazi zake aketi amsikilize.

Alilegeza skrubu mbili nyuma ya shingo, akakisukuma kibano katikati, akakaza. Kesho yake kilikuwa kimerudi kulekule.

"Umelishika gitaa langu?" alimuuliza Flora.

"Nilishike la nini? Kwani sina kazi?" Kisha Flora akashusha sauti. "Ila jana ulipokwenda stesheni, ulimwacha nani chumbani? Kuna mtu alikuwa anapiga."

"Jana umeme ulikatika kutwa."

"Najua. Lakini alipiga." Akachukua ungo wake. "Na huyo anajua kupiga."

Mtu mwenye akili angeogopa. Chrispin aliona wivu.

Siku iliyofuata aliaga kwamba anakwenda sokoni, akarudi kimya na kujibanza nyuma ya mlango wa chumba. Jua lilikuwa la utosi, kuku wamelala kivulini. Kwanza ilikuja harufu, harufu ya nta iliyoungua, kama mzinga uliotiwa moto porini, kisha nyuzi zikaanza kulia zenyewe, na gitaa halikuunganishwa popote, na aliona kwa macho yake nyuzi zikikandamizwa moja baada ya nyingine na kitu asichokiona, na ule uzi mwembamba ukivutwa nje kabisa ya shingo, mahali ambapo kidole cha mwanadamu kisingeweza kuushika, ukashikwa, ukalia vizuri mpaka nywele zikamsimama. Akachungulia uani. Flora alikuwa ameweka ungo chini, amefumba macho, anatabasamu.

Ndipo akamwita shangazi yake, Dorika, anayejua mambo ya majini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Mama yule alisimama mlangoni, akanusa, akakataa kuingia. Alinong'ona kama aliyeona nyoka. "Kibano hicho hakijaharibika. Jini amekipanga kwa mkono wake. Vidole vyake ni vipana kuliko vyako."

"Shangazi, hizo ni skrubu tu."

"Lirudishe lilikotoka, leo hii. Na usikinyooshe, mwanangu. Ukimnyima nafasi pale, atatafuta mkono mwingine."

Hata maji hakunywa, akaenda zake. Chrispin akamcheka. Basi la Manyoni lilikuwepo, miguu alikuwa nayo, gitaa halina uzito wa gunia. Lakini eti aondoke ameshindwa na jini, tena mkewe anajua? Kwanza ampigie Flora wimbo mmoja ulionyooka, ndipo aliuze. Sikio la kufa halisikii dawa.

Jioni alitoa skrubu, akapaka gundi, akasogeza kibano mpaka nyuzi za pembeni zikaachana sawa na kingo zote mbili, akakaza kwa bisibisi mpaka mkono ukamuuma. Akakandamiza uzi mwembamba. Haukuteleza. Ilikuwa kazi nzuri, pengine ya pekee aliyowahi kuimaliza maishani.

"Flora! Njoo usikie!"

Sauti ya kwanza ilikuwa yake, nzito na ya kijinga kama kawaida. Ya pili haikuwa yake. Vidole vikaanza kukimbia, vikapanda shingo na kushuka, na wimbo ukatoka ambao hajawahi kuusikia, mzuri, mzuri mno, na alipotaka kuutoa mkono, haukutii, na harufu ya nta ikajaa chumba mpaka akakohoa, na ngozi ya vidole ikachanika, damu ikateremka kwenye nyuzi, na wimbo haukukosea hata mahali pamoja.

"Flora," alinong'ona, machozi yakimtoka. "Nitolee hili gitaa. Huu mkono si wangu. Ataniua, mke wangu."

Flora alivuta kigoda, akaketi mbele yake, karibu kabisa. Alitazama vidole. Usoni kwa mumewe hakutazama hata mara moja.

"Nyamaza wewe," alisema taratibu. "Unamharibia."