Mguu wa Kushoto wa Gaspare

Natega, tegueni: mguu mmoja unafanya kazi, mwenzake umelala, na safari inakwenda. Mmeshindwa? Nipeni mji basi. Mmenipa Palermo, nimeupokea, nimekula na kunywa huko. Jibu ni dereva wa gari la otomatiki. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta na breki, wa kushoto umejinyoosha pembeni kama mgeni wa arusi. Haya, sasa mnajua jambo ambalo Gaspare Tumminello hakulijua, na yeye alijiona anajua yote.

Kisa kilianzia uwanja wa ndege wa Catania, mwezi wa Agosti, mbele ya kaunta ya magari ya kukodi. Watu walisukumana kwa masanduku, watoto wanalia, jasho linatiririka mpaka kwenye viatu. Gaspare alikuwa amerudi kutoka Torino kwa ajili ya sikukuu ya mtakatifu wa mji wetu, Castelgrifo, ulio juu ya mlima karibu na Ragusa. Alivaa suti nyeupe ya kitani na viatu vya ngozi bila soksi, na miwani ya jua ameipandisha kichwani ingawa alikuwa ndani ya nyumba. Mnawajua wa namna hiyo.

"Nimeagiza gari jekundu la gia za mkono," alimwambia dada wa kaunta. "Lenye kasi."

"Nimeliona, bwana. Lakini kadi hii hatuipokei. Tunataka kadi ya mkopo yenye jina lako."

"Jina langu wanalijua Torino nzima!"

"Basi kakodi Torino."

Watu kwenye foleni wakacheka. Gaspare akageuza mbinu. "Nipe lolote, dada yangu. Hata bovu."

"Kadi ni ileile, bwana. Na limebaki moja tu, la otomatiki, nalo lina mwenyewe."

"Otomatiki!" Gaspare alipaza sauti ili foleni yote imsikie. "Nani mwenye akili timamu anakodi otomatiki Sisilia? Hilo si gari, ni kitanda cha hospitali chenye taa."

"Ni mimi," ikasema sauti nyuma yake.

Aliyesema ni Ornella Ghisolfi, mshonaji wa mavazi ya jukwaani kutoka Cremona. Alivaa gauni la kijani lililoshuka vifungo kutoka shingoni mpaka miguuni, kila kifungo amekishona mwenyewe. Nywele fupi, macho ya kucheka. Alipopiga hatua kwenda kaunta mguu wake wa kushoto uliburuzika kidogo. Uliumia utotoni, na kukanyaga klachi, kile kikanyagio cha kushoto cha kubadilishia gia, haukuweza tena.

Gaspare aliuona mguu, akatamani sakafu impasukie.

Ornella akachukua ufunguo. "Kitanda changu cha hospitali kinaelekea Ragusa," alisema. "Kama kuna mgonjwa anakwenda njia hiyo, apande."

Mgonjwa akapanda. Angefanya nini?

Njia nzima alikuwa akikanyaga hewa. Ornella akishika kona, yeye anaminya sakafu. Ornella akipita lori, mkono wake unatafuta gia ambazo hazipo.

"Unacheza ngoma gani hiyo, bwana?" Ornella alimuuliza.

"Nakusaidia."

"Nakuona. Umetoka jasho kuliko injini."

Walisimama Noto wakala granita ya lozi, ile barafu tamu iliyosagwa, na mkate mtamu. Gaspare akamsimulia habari za mama yake, donna Crocifissa, anayegombana na redio. Ornella akacheka mpaka granita ikampalia. Nami niseme kweli: pasipo na watu wa kwao, Gaspare alikuwa mwanaume mzuri kabisa. Msikivu, mchangamfu, anakufungulia mlango bila kuutangaza. Ndiyo maana aliudhi. Mjinga mtupu unamwacha bila kujuta, lakini huyu alijua kuwa mtu, akachagua kuwa tausi.

Siku zilizofuata simu haikutulia. Ornella alikuwa amepanga chumba Ragusa, Gaspare yuko kwa mama yake Castelgrifo.

"Umeamka, kipenzi changu?"

"Umeniamsha wewe."

"Leo unanipeleka wapi?"

"Modica. Vaa viatu vya kukanyagia hewa."

"Ornella, wewe ni mkatili."

"Na wewe unapenda. Shuka chini ya mlima, nakuja."

Kila mara alimwambia ashuke chini ya mlima kwa sababu Gaspare mwenyewe ndiye aliyeomba hivyo. Barabara ya juu ni nyembamba, alisema. Mawe yanateleza, alisema. Ornella akasadiki. Mapenzi yakiwa mapya masikio yanapokea kila kitu.

Mumwelewe huyu binti. Kwao Cremona ana kaka wanne, na maisha yake yote walimwendesha wao: sokoni wao, hospitali wao, hata kwenye miadi na mchumba wake wa kwanza alipelekwa na kaka anayepiga honi mlangoni. Safari hii ilikuwa ya kwanza ameshika usukani peke yake, kwenye nchi ya watu. Alilolitaka kwa mwanaume lilikuwa dogo: akae kiti cha pembeni, watu wawaone, na asione haya. Akimpata huyo angeolewa naye kesho yake.

Basi siku ya sikukuu ikafika. Gaspare alimsubiri chini ya mlima, amebeba keki kubwa ya kasata yenye krimu na matunda, zawadi kutoka kwa mama yake. Alipopanda, kabla hajafunga mlango wa gari, akaanza kujikuna shingo.

"Laazizi, nina ombi. Niingize gari mjini mimi."

"Kwa nini?"

"Watu watakuwa nje wote. Pale baa kuna marafiki zangu wa utotoni. Unajua wanaume."

"Sijui. Nieleze."

"Mara moja tu, roho yangu."

Ornella alimtazama. Alikuwa amekwenda asubuhi ile kwa watu wa magari, bila kumwambia, akamwandikisha Gaspare kuwa dereva wa pili. Alitaka kumshangaza, waendeshe kwa zamu mpaka Trapani kama watu wawili wenye safari moja. Sasa zawadi yake ilikuwa imeombwa kabla hajaitoa, tena kwa sababu mbovu. Lakini alimpenda. Akashuka, akazunguka, akapakata kasata.

"Mguu wa kushoto usiutumie," alimwambia. "Uache ulale."

"Mpenzi, naendesha tangu sijaota ndevu."

Gari likapanda vizuri. Likaingia uwanja wa kanisa, bendi inapiga, kina mama wako kwenye roshani, na wale mabwana wa baa wamejipanga kama kawaida yao, kahawa moja tangu mchana, ulimi haupumziki. Gaspare akatoa kiwiko dirishani. Akawaona marafiki zake wanamwona. Na hapo akataka kupunguza gia ili injini ingurume, kama anavyofanya kila mwanaume wa mji wetu anapopita mbele ya wenzake.

Gia haipo. Klachi haipo. Lakini mguu wa kushoto ukaamka, ukashuka kwa nguvu zake zote, ukatua juu ya breki.

Gari likaganda papo hapo. Kasata ikapaa, ikapiga kioo, ikarudi kifuani mwa Ornella. Mpiga tarumbeta aliyekuwa nyuma akagonga buti la gari, tarumbeta ikatoa mlio wa bata anayechinjwa.

"Gaspare!" bwana mmoja akaita kutoka baa. "Umesimama kusali?"

Akaondoa gari. Akachanganyikiwa, akatafuta klachi tena. Gari likaganda tena. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mtu mwingine angecheka nao, na siku ingekuwa tamu. Tausi wetu alishuka, uso mwekundu kuliko cheri za ile keki, akanyoosha kidole. Akamwonyesha Ornella, aliyekaa na krimu mpaka kidevuni.

"Kosa si langu!" akapiga kelele. "Gari lenyewe limetengenezwa kwa ajili ya mguu wake!"

Kicheko kikakatika. Hata wale wa baa, ambao haya hawajawahi kuionja, waliangalia vikombe vyao.

Ornella akajifuta krimu kwa kiganja. Akashuka, akazunguka gari polepole, mguu ukiburuzika juu ya mawe mbele ya macho yote yale. Akaketi kwenye usukani, akaondoka.

Simu zikaanza.

"Ornella, ulikuwa mzaha."

"Urudie basi, nami nicheke."

"Nilichanganyikiwa. Walikuwa wananitazama."

"Na mimi walikuwa hawanitazami?"

"Nakupenda, mpenzi wangu. Niambie nifanye nini."

"Kesho jioni nitapita palepale uwanjani. Nitasimama mbele ya baa. Panda, ukae pembeni yangu. Sitaki zaidi."

Gaspare akakohoa, akakohoa tena.

"Unasikia, Gaspare?"

"Nasikia. Ila nafikiri ... pale nyuma ya makaburi pana kivuli kizuri. Ungenichukua pale ..."

Ornella akakata simu. Alilia kidogo, kisha akafua gauni lake la kijani, kwa sababu gauni halikuwa na kosa.

Kesho yake jioni alikuja. Aliingia uwanjani taratibu, akasimama mbele ya baa, akafungua kioo. Gaspare alikuwepo. Alikuwa amesimama kati ya wale mabwana, kikombe mkononi, anachunguza ncha za viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza ameviona.

"Teksi yako imefika," mmoja akamnong'oneza, na wengine wakakoroma kwa kicheko.

Hakusogea. Waoga wengine wana sababu. Huyu alikuwa na kahawa iliyopoa.

Mlango wa nyumba ya pili kutoka baa ukafunguliwa. Donna Crocifissa akatoka na gauni jeusi na mkoba wake wa kanisani. Hakumtazama mwanawe. Akafungua mlango wa mbele, kiti cha pembeni, akajipachika.

"Binti, hili gari linafika baharini?"

"Linafika, mama."

"Marehemu mume wangu aliniendesha maisha yake yote akitukana gia. Nipeleke nikasikie kimya kilivyo."

"Na Gaspare?"

"Gaspare gani?"

Ornella akaachia breki. Gari la otomatiki ukiliachia breki bila kukanyaga mafuta linatambaa lenyewe, polepole, mwendo wa mzee. Akaliacha litambae. Hakukimbia, hakusimama. Alitazama kioo cha nyuma.

Kikombe kikaanguka. Tukasikia viatu vya ngozi juu ya mawe. Gaspare anakimbia, miwani imemdondoka, shati limechomoka, mbele ya baa, mbele ya padri, mbele ya roshani zote. Akashika dirisha la Ornella, akawa anatembea ubavuni mwa gari kama mbuzi aliyefungwa.

"Mimi ni mpumbavu!"

"Sema kwa sauti. Wa baa hawajasikia."

"Mimi ni mpumbavu!" akapiga ukelele mpaka njiwa wakaruka kutoka kanisani. "Mguu wake ni mzima kuliko kichwa changu! Ornella, niendeshe popote! Nioe!"

"Mwanamke ndiye anayeolewa," mama yake akamkumbusha.

"Basi anioe yeye!"

Wale mabwana wakapiga miluzi, na mmoja akaanza kuimba nyimbo za arusi kwa dhihaka. Gaspare hakugeuza shingo. Ornella akakanyaga breki, kwa upole, hata mkoba wa donna Crocifissa haukutikisika.

"Kiti cha mbele kina mtu," alisema. "Panda nyuma."

Akapanda nyuma, magoti yamegusa kidevu, kama mtoto anayepelekwa kunyolewa. Gari likauzunguka uwanja wote, polepole kabisa, vioo vimefunguliwa, naye amekaa wima, anaonekana na kila mtu.

"Lakini hujanijibu," alisema waliposhika barabara ya baharini.

"Mjibu, binti, asije akalia," alisema donna Crocifissa.

Ornella akamtazama kwenye kioo. "Nimeshamjibu, mama. Si yumo ndani?"