Mwenye Mikeka ni Biubwa

Mvua ilianguka bila hata kunguruma, na gulio zima la Kisarawe likakimbilia barazani kwa maduka. Katika kusukumana huko, mwanamume mmoja aliyevaa kanzu nyeupe na koti la drili alirudi nyuma kukwepa tenga la mihogo, akatua na viatu vyake vya matope katikati ya mkeka mpya.

Mwenye mkeka alikuwa Biubwa binti Mwinyijuma, msusi wa Mzenga, mwanamke mrefu mwenye macho makavu. Hakupiga kelele. Alimtazama yule bwana kutoka viatuni hadi kofiani, akamwuliza kama kwao hulala na viatu.

Saburi, fundi cherehani wa karibu na boma, alivua viatu palepale, akaomba radhi, akataka kuununua.

"Sikuuzii," Biubwa alisema. "Leo utanunua kwa aibu. Nenda kauoshe, urudi uununue ukiupenda."

Aliuosha. Gulio lililofuata alirudi nao ukiwa safi, akaununua, na baada ya hapo hakukosa sababu ya kupita: mara kiti chake hakina mto, mara shangazi yake anataka kawa la kufunikia chakula. Biubwa alijua kwamba huyo shangazi hayupo, ila alisuka kawa hilo vizuri kuliko yote.

Alikuwa ameolewa zamani na mtu aliyechukua mikeka yake kuiuza na kurudi mikono mitupu, akitaka ashukuriwe. Alipoachika alirudi Mzenga kwa baba yake mdogo, Mzee Mwinyimadi, akaapa kwamba kazi ya mikono yake haitasemewa tena na mdomo wa mtu mwingine.

Ndipo habari ikaja kutoka Kibaha. Bwana Mwishehe, mfanyabiashara aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni kando ya barabara ya Morogoro, aliuona mkeka wa Biubwa kwa rafiki yake. Akatuma salamu kwa dereva wa lori kwamba mwenye mikeka aje Jumatatu na sampuli. Akiridhika, vyumba vyote vitatandikwa mikeka hiyo.

Biubwa hakuwahi kupata mteja wa namna hiyo. Alichemsha ukindu kwa rangi upya, akafumua mshono wowote uliomtia shaka, akachagua mikeka mizuri kuliko yote, akaifunga robota. Saburi alimkatia gauni la poplini ya buluu lenye mikono mirefu. Wakati wa kulijaribisha alijitia kuwa Bwana Mwishehe: akaketi kitini, akatunisha tumbo, akaweka mguu juu ya mguu.

"Mikeka yako ghali, mama. Nipunguzie."

"Nikipunguza bei, nipunguze na urefu? Wageni wako walale miguu nje?"

"Ukinitazama hivyo nitakupa na nyumba yenyewe."

"Mteja hasemi hivyo, Saburi."

"Mteja hana moyo wangu, mpenzi."

Biubwa aliinama kutazama upindo wa gauni ili asionekane anatabasamu.

Siku hizohizo Saburi alikuwa amepeleka posa kwa Mzee Mwinyimadi, na jibu lilikuwa halijatoka. Jumamosi mzee akamwita. Alisema si heshima binti yake kwenda kusimama mbele ya mwanamume asiyemjua na kubishana naye bei. Saburi achukue mikeka, aende Kibaha badala yake, na akirudi watazungumza habari ya posa. Saburi aliinamisha kichwa akasema, "Ndiyo, baba."

Tatu, mke wa mzee, aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia. Alimpenda Biubwa kama mwanawe, akaenda kumwambia yote. Biubwa alipokwenda stoo kutazama mikeka yake, alikuta pameachwa patupu. Akachukua lile gauni, akashika njia hadi kwa Saburi.

"Ulimwambia baba mdogo ndiyo?"

"Nilimwambia, lakini nisikilize kwanza."

"Mume wangu wa zamani naye alianza hivihivi. Akiuza, akisema ananipumzisha."

Saburi alifungua mdomo, lakini Biubwa alikwisha kuliweka gauni juu ya cherehani na kuondoka.

Alfajiri ya Jumatatu alivaa kanga zake za kila siku. Mikeka ya kuonyesha hakuwa nayo, akakunja ule aliokuwa akiulalia, akaupanguza, akauweka kichwani. Mzee Mwinyimadi alikuwa amesimama uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Kibaha."

"Nimekwisha kutuma mtu."

"Umetuma mikeka. Mwenyewe ndiye mimi, nami naondoka sasa."

"Ukienda, usirudi hapa."

"Nitarudi, baba. Sina pengine pa kurudi, na sikufanya kosa."

Alitembea hadi barabarani, akapanda lori la magunia ya mkaa. Alifika Kibaha vumbi jeupe hadi kwenye nyusi, akaulizia nyumba inayojengwa. Kitu cha kwanza alichokiona barazani ni Saburi ameketi kwenye benchi, na robota la mikeka liko miguuni pake. Hakumsalimu. Alimpita, akamwamkia Bwana Mwishehe, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu.

"Mumeo yuko wapi?" Bwana Mwishehe aliuliza.

"Sina mume. Nina mikeka."

Bwana Mwishehe alimgeukia Saburi. "Basi ndiye huyu. Kijana huyu tangu amefika namwuliza bei, ananijibu mwenye bei yuko njiani. Nimetaka kulifungua robota, amekataa."

Biubwa alimtazama Saburi usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. Robota lilikuwa na fundo alilolifunga yeye mwenyewe, halikuguswa. Aliyarudisha macho kwa mteja, maana kazi ilikuwa bado.

Aliutandika mkeka wake chakavu sakafuni. "Huu nimeulalia miaka. Vuta utakavyo." Bwana Mwishehe alivuta, mshono haukuachia. Kisha Biubwa akafungua robota, akatandika mipya. Mteja aliipenda yote isipokuwa ile yenye zambarau, halafu akaomba apunguziwe kwa kuwa ni mara ya kwanza.

"Mara ya kwanza ndiyo ya kujuana," Biubwa alisema. "Nikikudanganya leo kwa bei ya chini, kesho nitakuletea kazi ya chini." Akaanza kukunja mikeka, bila hasira. Alipofika wa mwisho, Bwana Mwishehe alisema auache, na mingine pia, na azidi kusuka.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta mpya, Saburi alisimama mbele yake.

"Nilisema ndiyo kwa woga," alisema. "Niliogopa kukukosa. Nilipofika kwangu nikajua nimekosa adabu kwako, nikaja ili asije akatumwa mwingine akauza."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia. Hukunipa nafasi, nami sikuitafuta vya kutosha."

"Basi usiniambie mimi," Biubwa alisema. "Kamwambie uliyemwambia ndiyo."

Walirudi Mzenga jua likiwa bado juu. Saburi alimwamkia mzee, akasema, "Baba, ile ndiyo yangu naiondoa. Sikuuza. Ameuza mwenyewe, na kwa bei yake. Ukininyima posa kwa hilo, nitaileta tena."

Mzee Mwinyimadi alizungusha tasbihi. Kisha akamwuliza Biubwa amewezaje kumkaidi mbele ya watu.

"Sikukukaidi wewe, baba. Nilikataa kunyamaza." Akashusha pumzi. "Na posa nimeikubali. Ila nikiolewa, wateja wangu nitakutana nao mwenyewe."

Kabla mzee hajajibu, kigelegele cha Tatu kilipasuka jikoni, na majirani wakaanza kuja kuuliza kuna nini.