Sauti ya Bafuni

Lawahiz aliepua sufuria ya mchuzi wa mlukhiya kwa mikono mitupu. Akaibeba hadi mezani, akaitua, akaanza kupakua. Viganja vilikuwa vimebabuka, na harufu ya ngozi iliyoungua ikachanganyika na ya kitunguu saumu hadi binti yao Samah, wa miaka sita, akaziba pua.

“Lawahiz! Mikono yako!” mumewe alipiga kelele.

Akaitazama kama mtu anayetazama glavu zilizosahauliwa na mgeni.

“Ah,” akasema. “Haya, nani hana mkate?”

Mumewe aliitwa Wagdi. Alikuwa mchapaji. Duka lake lilikuwa chini ya jengo hilohilo walilokaa, mtaa wa Shubra, Kairo: mtambo mmoja wa kukanyaga kwa mguu, makasha ya herufi za risasi, na kadi za arusi zikining'inia kukauka. Lawahiz alikuwa mshairi tangu usichana wake. Mashairi ya waridi na mahaba, yasiyomuudhi mtu. Kisha walizaa mtoto wa kiume, Hilmi, naye hakumaliza mwezi. Walimzika vuli ile. Majira ya baridi yalipoingia, mashairi ya Lawahiz yakageuka.

*Shingo yangu ni ngazi, na anayepanda ni mvua iliyofiwa.*

*Mwezi umevaa viatu vya mchinjaji, unauliza chumba cha kupanga ndani ya jino langu.*

Wagdi hakuyaelewa, ila yalimsisimua mwili. Alimpeleka kwa mchapishaji mmoja mwenye jina, mzee wa tarbushi, ambaye alisoma kurasa mbili akicheka hadi akapaliwa na kahawa.

“Mwanangu,” akamwambia Wagdi, “hili si shairi, ni homa. Mpeleke kwa daktari, na ukirudi niletee habari za mvua. Imemaliza msiba?”

Njiani Wagdi alikuwa akifoka. “Tutachapa wenyewe! Kila siku nachapa kadi za watu wanaoapa watapendana hadi kaburini. Uongo ule nauweza, ukweli wako utanishinda?”

Lawahiz hakucheka wala hakukasirika. “Kama unataka,” akasema.

Hapo ndipo Wagdi alipoanza kumchunguza. Aliona kwamba mkewe hakuwahi kuonekana akitunga. Wala hakuwa akifuta neno. Baada ya chakula cha mchana, jengo zima lilipojilaza na hata wauza maharage wakanyamaza barabarani, alikuwa akiondoka kitandani polepole na kuingia bafuni. Siku moja Wagdi alimfuata akiwa peku. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua na ya maji yaliyolala siku nyingi, na mkewe alikuwa amechuchumaa kando ya tundu la maji machafu, ameliinamia kama anayemsikiliza mgonjwa asiye na nguvu.

Wagdi akasikia sauti mbili. Moja ilikuwa ya mkewe, ikirudia maneno. Nyingine ilitangulia. Ilikuwa laini, yenye maji ndani yake, haikuwa ya kiume wala ya kike.

“Lawahiz,” akanong'ona. “Unaongea na nani?”

“Na mwenye mashairi.”

“Nani? Mama Samah, usinitishe. Nani?”

“Hajataja jina.” Alisema kama anayezungumzia mpangaji wa ghorofa ya juu. “Nilikuwa nalia humu ili msinisikie. Akaniuliza, nikikuondolea hayo machungu utakuwa unasema maneno yangu? Nikasema ndiyo. Kila shairi anachukua kitu kidogo. Ncha za vidole. Ladha ya chakula. Hilmi alimchukua mapema kabisa.”

“Unamaanisha nini, alimchukua Hilmi?”

“Sema jina lake uone.”

Wagdi akasema jina la mwanawe, mara moja, kisha mara nyingine kwa sauti iliyokatika. Uso wa mkewe haukutikisika. Alikuwa akimngoja amalize.

Mtu mwingine angekimbilia kwa mashekhe siku hiyohiyo. Wagdi hakukimbia. Alikuwa amemsikia mkewe akilia vuli nzima, usiku na mchana, na nyumba sasa ilikuwa tulivu. Alijidanganya kwamba wasanii wote wana vituko vyao. Akashuka dukani, akaanza kupanga herufi za kitabu, moja moja, kwa vidole vyake.

Kazi ile ilikwenda kama inayosukumwa. Mtambo uliosumbua miaka yote haukukwama. Karatasi zilitoka na harufu ile ya nywele, na wakati mwingine Wagdi alipoondoa mguu kwenye kikanyagio mtambo uliendelea kidogo, taratibu, kisha ukasimama kwa adabu. Walikikunja kitabu, wakakishona kwa uzi, wakakitia jalada la buluu. Hakikuwa na jina la nyumba yoyote ya uchapishaji. Lawahiz alikipeleka mwenyewe katika mikahawa ya katikati ya mji, na vijana wenye nywele ndefu, waliochoshwa na washairi wa ikulu, wakakigombea. Walikuja hadi mlangoni kumuona. Walikaa kwenye makochi wakiwa wamenyamaza, kila mmoja na kitabu cha buluu mapajani, na hakuna aliyegusa chai.

Kisha likatokea la Samah.

Mtoto alikuwa akirukaruka ngazini akateleza, akaangukia mdomo. Wagdi alisikia kishindo akatoka mbio. Akamkuta ameketi kwenye kidato, damu inatiririka kidevuni hadi kwenye gauni, meno mawili yako kiganjani, naye anayatazama bila chozi, bila hata kupepesa, na alipoinua uso kumwangalia babake akasema, kwa sauti ile laini yenye maji ndani yake, sauti ambayo koo la mtoto wa miaka sita halina nafasi ya kuibeba, “Mwezi umevaa viatu vya mchinjaji,” kisha akatabasamu kwa pengo lake.

Juu, Lawahiz alikuwa amesimama mlangoni. Aliona yote.

“Ameanguka,” akasema.

Wagdi akambeba mtoto, akaenda moja kwa moja kwa Hajati Tafida, mpunga majini, mwanamke mnene mweusi kutoka kusini aliyevuta sigara moja baada ya nyingine. Alimfinya Samah shavu. Mtoto hakushtuka.

“Mlikuwa wapi siku zote?” aliuliza. “Mlingoja jini azae?”

Alikuja kesho yake asubuhi na wapiga ngoma wake, wakafukiza ubani, wakamketisha Lawahiz katikati ya sebule na shela jeupe kichwani. Walipiga mdundo mmoja baada ya mwingine, wakimtafuta jini kwa mdundo wake. Hakutikisika hata kidole. Mpaka Hajati aliponyamazisha ngoma zote akabaki na tari moja tu, akiigonga kama tone linalodondoka, ndipo shingo ya Lawahiz ilipoanza kuzunguka, polepole, kisha kwa kasi, na maji yakaanza kupanda kutoka bafuni, yakapita ukumbini hadi chini ya zulia, yakinuka nywele, na ile sauti ikajaa chumba kizima ikitoka kwenye kinywa kisichofunguka.

“Sikumwibia,” ikasema. “Alinipa.”

“Najua,” akajibu Hajati kwa upole. “Na mtoto je? Mtoto alikupa nini?”



Hajati akainama sikioni. “Lawahiz binti yangu, mimi siwezi kumtoa jini asiyefukuzwa na mwenye kiti, yaani wewe. Akitoka, atakurudishia vyako vyote kwa mkupuo. Vyote. Na mashairi atakwenda nayo. Umenisikia?”

 Kisha midomo ya Lawahiz ikaachana kwa shida, kama iliyokuwa imegandishwa.

“Atoke,” akanong'ona. “Mwacheni binti yangu alie.”

Alianguka. Maji yakavutwa nyuma kwa mlio wa koo linalomeza. Akaishika mikono yake iliyoungua akapiga yowe, kisha yowe likageuka jina, Hilmi, Hilmi, Hilmi, hadi majirani wakafungua milango. Kando yake Samah alijishika mdomo, akaanza kulia kwa maumivu ya meno yake.

Hajati akafuta jasho, akatoa sigara. “Haya. Hao ni watu sasa.”

Lawahiz alilia siku nyingi, akala, akalia tena. Alijaribu kuandika, yakaja ya waridi. Akayachana. Alipopata nguvu aliomba waende makaburini, wote watatu, kwani hakuwahi kumuaga mwanawe akiwa na akili zake. Walinunua mikate midogo ya rehema ya kuwagawia maskini. Lawahiz alipiga magoti vumbini akalia kwa kwikwi, na Samah akamkumbatia shingoni, naye akalia kwa sababu mama analia.

Ndipo akanyoosha mkono kumtafuta mumewe.

Wagdi alikuwa amesimama nyuma yao, mwenye kupanga kitabu kizima herufi kwa herufi, asiyeulizwa na mtu yeyote hali yake. Alikuwa akila mkate mmojawapo. Macho yake makavu yalitulia juu ya kaburi dogo kama yanayosoma kibao cha duka lililofungwa.

“Baba Samah?” akanong'ona Lawahiz.

“Nakusikia,” akasema, na harufu ya nywele zilizoungua ikatoka pamoja na pumzi yake. “Mmeshamaliza? Nina kitabu cha pili cha kupanga.”