Mume Wangu Aliongezewa Akili, Mwanangu Akazikwa na Jirani

Nina umri wa miaka ishirini na saba, mkulima katika kijiji kimoja cha ujamaa huku Handeni. Ndugu wasomaji, machozi sina tena. Nawasimulia nikiwa mkavu kabisa.

Mume wangu, Baba Sefu, alikata mkonge katika shamba la Ngombezi kabla hatujahamia kijijini. Siku moja ikatangazwa kwamba kijiji kitatoa mtu mmoja kwenda kusomea ubwana shamba, atakayeshinda mtihani. Mmoja tu!

Wakati huo Korogwe palikuwa na bwana mmoja mwenye koti jeupe la daktari, akiuza dawa ya kuongeza akili. Anakuchanja chale kwenye paji la uso, anakupaka unga mweusi, kisha anakupa vidonge umeze. Kijijini watu waligawanyika. Wazee walisema akili hutoa Mungu, hainunuliwi sokoni. Vijana wakawacheka, mbona shamba tunalitia mbolea? Baba Sefu akaenda kuchanjwa, nami sikumzuia. Mume akipata akili, si nami nitakula vizuri?

Dawa ilikuwa na mwiko. Mpaka mtihani upite, asiguse maiti wala asikanyage makaburini, la sivyo yote aliyosoma yatafutika. Tulicheka tu... nani alikuwa na mpango wa kufiwa?

Wiki ya mtihani, Sefu wetu, mwenye miaka mitatu, akashikwa na surua. Zahanati ilikuwa mbali. Asubuhi moja nilimgeuza nimpe uji... alikuwa ameshakwenda.

Mnazijua desturi zetu. Sisi wanawake tunabaki nyumbani, baba ndiye hushuka kaburini kumpokea mwanawe. Baba Sefu alijifungia chumbani na vitabu vyake. Mama yangu, aliyefika kutoka Mashewa, alimpigia magoti. Mkwe kumpigia magoti mkwewe, jamani!

Akamjibu, "Mama, nisamehe. Aliyekufa amekufa, mtihani huu ni wa sisi tuliobaki."

Sefu alishushwa kaburini na Mhina, jirani yetu.

Na mtihani alifaulu! Kijiji kizima kilimpigia makofi, wazee wale wale wakiwamo. Aliniambia, "Umeona, Mama Sefu? Ningekwenda kule, ningefeli." Nikamwambia chakula kiko tayari.

Sasa ni bwana shamba, watu wanamwamkia kwa heshima. Majuzi aliniuliza kwa sauti ya chini, kaburi la mtoto ni lipi?

Nikamjibu, "Mimi sikuwepo, Baba Sefu. Kamuulize Mhina."

Alilia sana. Mimi niliendelea kutwanga.

Dada zangu, kaka zangu, simkatazi mtu kutafuta akili. Someni, na wa kumeza vidonge ameze. Lakini dawa ikikutaka uwakimbie watu wako siku ya msiba, itupe chooni! Mimi naishi na mtu mwenye akili nyingi sana... na sina la kuzungumza naye.