Anakuja Nyuma

Mpishi wa boti alileta sahani tatu za wali na perege, akaziweka mbele ya watu wawili. Evarist aliitazama ile ya tatu, ndogo, ya bati, yenye maua mekundu, na damu ikampanda kichwani.

"Hii ya nani?"

"Ya mtoto, kaka," mpishi alijibu, akaenda zake na sinia.

Evarist alidhani ni dharau, na nani angemlaumu? Tangu amwoe Violeth alikuwa akidharauliwa hivyo hivyo, kwa tabasamu. Pale Kibaoni walipopanga chumba, hata muuza maandazi alijiona ana haki ya kuuliza, "Vipi, bado tu?" Mdomo wa mtu aliyejaliwa watoto hauna kufuli. Wanawake wote wa mtaa ule walikuwa Mama Fulani. Violeth aliitwa Violeth, na mawifi zake walilitamka jina hilo kwa masimango.

Safari yenyewe ilizaliwa na hasira. Mwaka ule wa tisini na sita, mstaafu mmoja aitwaye Octavian alinunua pantoni chakavu, akaifunga injini na turubai, akaipaka rangi ya bluu na kuiandika ubavuni FURAHA YA FAMILIA. Sikukuu ya Nanenane ilikuwa ipandishe mto Kilombero kutoka Kivukoni kuelekea upande wa Malinyi. Watu wangekula, wangecheza muziki wa kaseti, wangewaonyesha watoto viboko, wangelala kambini mchangani na kurudi kesho yake. Sharti lilikuwa moja, wenye watoto tu, maana Octavian hakutaka walevi wala wapenzi wa kujificha. Dada yake Evarist alicheka mbele ya watu, akasema, "Basi ninyi mtatulindia nyumba." Palepale Evarist akaapa kwamba atapanda boti ile na mke wake, liwalo na liwe.

Siku ya kuondoka, Octavian alisimama kwenye ubao wa kupandia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Evarist alikuwa mtu wa milimani, Mpogoro wa Mahenge, na ya mto hakuyajua. Aliinua kidevu akajibu kwa sauti ya kusikika na wote, "Anakuja nyuma!"

Wanaume wawili waliokuwa wakifungua kamba, Wandamba wa palepale, waliacha kuzungumza. Violeth naye ni Mndamba, binti wa mvuvi. Alisikia, akanyamaza. Octavian alichungulia nyuma ya mgongo wa Evarist, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Haya, ameshafika. Vuteni ubao."

Evarist alicheka moyoni, akidhani mzee amemwonea huruma na kumsitiri. Walipokaa kwenye benchi, Violeth alijisogeza kidogo upande, pakabaki nafasi kati yao. Evarist alidhani anakimbia joto.

Sasa Violeth aliivuta ile sahani ndogo, akaiweka kwenye nafasi ile. Upande wa kulia watu walipiga kelele kwamba kuna viboko, na Evarist akageuka kuangalia. Alipogeuka tena, sahani ilikuwa tupu, na miiba ya samaki imepangwa ukingoni vizuri. Chini yake ubao ulikuwa umelowa, na pua yake ikapata harufu ya tope la chini, lile la kambale, ambalo jua halijawahi kuligusa.

"Umekula wewe?"

"Kula chakula chako, Evarist."

Nyuma yao alikaa mama mmoja mwenye asili ya Moshi, Aikande, na wanawe. Alimgusa Violeth begani. "Mama Tadei, samahani. Mwambie mwanao aache kuchezea maji, ananilowesha."

Violeth aligeukia mahali patupu pale kando yake. "Tadei, tulia," alisema.

Evarist aligeuka nyuma. Alitaka kumtukana Aikande, akamwona usoni, akaona hakuna mzaha. Mwanamke yule alikuwa amekasirika kweli, kama mtu anavyomkasirikia mtoto mtundu wa mwenzake.

Jioni boti ilifunga kwenye mchanga, watoto wakashuka kucheza, wakashikana mikono na kuzunguka duara wakiimba, na Evarist aliyekuwa amesimama mbali kidogo aliona kwamba duara lile lina pengo, kwamba mtoto wa upande huu na mtoto wa upande ule wamenyoosha mikono na kufumba viganja kama walioshika kitu, kwamba mikono ya mashati yao hao wawili inatiririka maji, na kwamba kila pengo lile linapompitia yeye, watoto wakizunguka na kuzunguka, wimbo unapungua na harufu ya tope inampanda puani.

Akamwendea mmoja wao, binti wa Aikande. "Unamshika nani?"

"Tadei," mtoto akanong'ona. "Mkono wake wa baridi. Ananibana."

Evarist alimvuta mke wake nyuma ya boti.

"Tadei ni nani? Violeth, nakuuliza! Nani Tadei?"

"Punguza sauti, atasikia."

"Nani?"

Alimtazama mumewe kwa macho ambayo Evarist hakuyafahamu. "Hulijui jina la mwanao? Hujui kwa sababu hukuuliza. Ninyi mlimchukua akiwa kwenye kanga, mkamfukia nyuma ya migomba, mama yako akarudi akaniambia, hakulia, hivyo si mtoto, hana jina wala msiba. Nikaambiwa niamke nikapike. Nilimpa jina nikiwa jikoni, Evarist. Nilimpa nikichochea kuni."

Ndivyo ilivyokuwa. Wazee walisema, Evarist akachukua jembe. Mila hiyo waliipokea bila kuulizana, na mpaka leo wapo wanaoitetea kwa sababu haikuwaumiza wao.

Walirudi Kibaoni, na nyumba ikawa na watu watatu. Asubuhi sakafu ilikuwa na nyayo za maji, fupi, zenye vidole vilivyoachana, kutoka mlangoni mpaka upande wa kitanda alikolala Violeth. Nguo zilianikwa juani na kubaki mbichi. Violeth aliimba akipepeta mchele, alicheka peke yake, gauni lake likalowa kifuani kwa maziwa, na wakati huohuo akawa anakonda. Akaanza kukohoa. Alichokohoa kilikuwa maji ya mto, na siku moja ndani yake palikuwa na unyasi.

Evarist alikwenda Kivukoni kwa Bibi Philomena, mganga aliyejulikana pande zote za mto. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamfokea.

"Nani alikufundisha kusimama mtoni na kumtangaza asiyekuwepo? Mtoni hatusemi fulani anakuja nyuma. Ukisema, anakuja, na si huyo unayemtaka. Jini la maji halina adabu ya kukataa karibu. Sasa linamnyonya mkeo. Litammaliza, kisha litampeleka kwao."

"Nifanye nini, bibi?"

"Mlete. Mtasimama palepale mlipopandia, wote wawili, kila mmoja aseme kwa kinywa chake, sina mtoto. Mmoja akisema na mwingine akanyamaza, kazi bure."

Walikwenda mchana wa jua kali. Violeth hakubisha. Alitembea akiwa ameinamisha mkono wa kushoto, kiganja kikiwa wazi. Bibi Philomena alimwaga unga majini, akatamka maneno yake, na upepo ukakatika. Mto ulinyamaza mpaka wakasikia wazi kitu kikipumua kati yao, kwa taabu, kama kifua cha mtoto mwenye mafua.

"Sema," bibi alimwambia Evarist.

"Sina mtoto!" Evarist alipiga kelele. "Sina mtoto mimi! Nenda!"

Pale kati pakatoka kilio. Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga hasa, cha kwanza, kile ambacho mkunga hukingojea. Evarist aliziba masikio.

"Na wewe, mwanangu," bibi alinong'ona. "Sema haraka."

Violeth alikuwa akilia kwa hasira. "Nimemsikia akilia," alisema. "Mlisema angelia angekuwa mtoto. Haya, amelia! Mmesikia wote! Wa kwanza mlinikataza kumlilia, leo mnanileta hapa nimkane na huyu kwa mdomo wangu?"

"Violeth, utakufa," Evarist alimsihi. "Nisamehe mimi. Nisamehe, lakini sema."

"Ulipojibu pale kwenye ubao, mimi nilijua maana yake. Mimi ni mtoto wa mto huu. Unadhani kwenye benchi nilisogea kwa ajili ya nani?" Akafumba kiganja cha kushoto, na maji yakamchuruzika katikati ya vidole. "Wewe huna mtoto, umesema mwenyewe. Mimi ninaye."

Bibi Philomena aliokota kibuyu chake kimyakimya. "Jini naweza kulitoa," alimwambia Evarist. "Mtoto aliyekubaliwa na mama yake simwezi."

Upepo ulirudi. Violeth alikwishaanza kuondoka, akitembea polepole kwa hatua za mtu anayemwongoza mtoto. Evarist aliwafuata mpaka Kibaoni akiita, lakini Violeth hakugeuka hata mara moja. Waliokutana nao njiani walimsalimu, "Habari za mchana, Mama Tadei," naye akaitikia vizuri. Evarist hakusalimiwa na yeyote.

Nyumbani Violeth alipika. Evarist alikaa mkekani akingoja. Mke wake aliingia na chakula, akapita karibu naye kama anayepita penye ukuta, akatandika kitambaa, akaweka sahani yake mwenyewe, na pembeni yake ile ndogo ya bati yenye maua mekundu, ambayo Evarist alikuwa na hakika waliiacha kwenye boti.

Sahani zilikuwa mbili.