Aliyekata Upepo wa Kinanda

Kila jioni, wakishamaliza kupalilia mahindi ya shule, Lukresia na Nanyokie walikwenda kanisani Rhotia kupiga kinanda. Walikwenda wawili kwa sababu kinanda chenyewe kilitaka watu wawili. Kanyagio zake zilikatika zamani na hakuna aliyejali kuzitengeneza, hivyo mmoja alipiga, mwingine akachuchumaa ubavuni kusukuma mvukuto kwa mkono. Aliyesukuma alipaswa kumsikiliza mwenzake: wimbo ukipanda, aongeze, ukitulia, apunguze. Upepo ukikatika, wimbo umekufa.

Lukresia alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake, Felisiani, alikuwa mwenyekiti wa kwaya, na binti huyo alijua kusoma nota kabla ya kujua kusonga ugali. Nanyokie alitoka Kakesio, kwa wafugaji, akaletwa kukaa kwa Felisiani ili asome. Alipofika hakuwa ameona kinanda maishani mwake. Mwaka ulipogeuka, alikuwa akipiga vipande virefu ambavyo Lukresia bado alijikwaa navyo. Alilala kitanda kimoja na Lukresia, alikula naye sahani moja, na sasa hata sifa za baba alikuwa akizila yeye.

Hayo yangevumilika. Lakini mwaka huo, watu wakiwa ndio kwanza wamehamishiwa kwenye kijiji kipya, serikali ilitangaza ruzuku ya vipaji: mtoto mmoja angelipiwa karo, nauli na chakula, akafundishwe muziki wa nota mjini. Mtoto mmoja! Tarafa nzima imejaa watoto, halafu wanatupiwa nafasi moja waing'ang'anie kama mbwa!

"Lukresia, umepitwa na mchunga ndama!" Wilibrodi wa darasa la saba alimtania bombani.

"Hajanipita. Utaona."

"Nitaona nini? Akipiga yeye, baba yako husimama mlangoni kusikiliza. Ukipiga wewe, hukumbuka kwenda kufunga mbuzi!"

Ndoo zikacheka na wenye ndoo. Lukresia akajitwisha maji yake akaondoka, na wivu ukamkaa kooni kama pumba.

Siku ya majaribio ya kumchagua mtoto huyo, afisa utamaduni alikuja na Landrova, amevaa suti ya Kaunda iliyonyooshwa hadi mifukoni. Wazazi na wanafunzi walijaa kanisani. Waliojua kinanda walikuwa wao wawili tu; Lukresia alianza. Ubavuni Nanyokie alisukuma mvukuto, jasho likimtiririka, akiupokea wimbo kila ulipopanda na kuulaza kila ulipotulia. Lukresia hakuwahi kupiga vizuri hivyo. Na alijua, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba nusu ya uzuri ule ilitoka kwenye mkono wa mwenzake.

Wakabadilishana.

"Pale katikati, dada, nipe upepo mwingi," Nanyokie alinong'ona.

Alianza polepole, kisha wimbo ukafunguka, na watu wakaacha hata kukohoa. Lukresia alimwona baba yake amefumba macho. Basi walipofika pale katikati, akauachia mvukuto.

Kinanda kililia kama mbuzi aliyekabwa, kikanyamaza. Nanyokie alibonyeza, akabonyeza tena. Akainamisha macho, akamtazama Lukresia mara moja tu.

"Basi, basi," afisa alisema, akifunga kalamu yake. "Nilijua. Hivi ni vidole vya kukamulia ng'ombe. Tusipoteze fedha za umma."

Watu wakacheka, Wilibrodi akiwashinda wote. Lukresia alingoja furaha ije, isije. Vidole vya kukamulia! Vidole vile vilikuwa vimemsukumia upepo dakika chache tu zilizopita. Alijikuta amesimama.

"Si vidole vyake. Ni mimi. Nimemkatia upepo."

"Kwa makusudi?" afisa aliuliza.

"Kwa makusudi. Nafasi ni moja, bwana."

Kicheko kikakatika. Afisa alikohoa, akamgeukia mwalimu wa shule. "Mwalimu Clemensi, njoo usukume wewe. Mtoto arudie."

"Hapana, mzee," Nanyokie alisema. "Mwalimu hajazoea pumzi zangu. Asukume Lukresia."

"Huyu huyu aliyekuharibia?"

"Ndiye anayejua. Na sasa watu wote wanamtazama."

Watu wakacheka tena, ila safari hii na Nanyokie. Lukresia akachuchumaa. Wivu ulikuwa bado upo, palepale kooni. Aliusukuma pamoja na mvukuto, machozi yakidondokea ubao, mpaka wimbo ukafika mwisho ukiwa mzima. Afisa akalitaja jina la Nanyokie kuwa ndiye aliyeipata nafasi.

Nje, Felisiani alimshika binti yake bega.

"Wiki nzima utafyatua matofali ya shule, maana ulichofanya ni wizi. Umekiri, hilo nimelisikia, lakini matofali utafyatua. Sasa nisikilize. Enzi za masetla, babu yako na wenzake walibeba piano ya binti wa Mzungu kupanda nayo kilima kule Oldeani, mabega yakachubuka. Walipoitua sebuleni wakafukuzwa nje kabla haijalia hata sauti moja. Sijasahau. Leo tuna serikali yetu, imetoa, na nashukuru. Lakini imetoa kwa mmoja, na wewe ukamgeukia mwenzako unayelala naye. Hasira yako ilikuwa na sababu, mwanangu. Uliipeleka kwa mtu asiyeistahili. Nanyokie hakukunyima kitu."

Lukresia alifuta pua. "Nimuombe radhi?"

"Leo hii, kabla hujala."

Kisha Felisiani alikwenda hadi dirishani mwa Landrova.

"Bwana afisa, mwakani nafasi zitakuwa ngapi?"

"Hilo sijui, mzee. Linaamuliwa juu."

"Basi nenda ukawaulize hao wa juu. Matofali yakikauka nitakuja ofisini kwako kuchukua jibu." Akageuka, akamtazama Lukresia. "Na huyu nitakuja naye. Aulize mwenyewe."